Miaka Thelathini na Minne ya Wali Usioliwa

Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja Oktoba, Mama Wali anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha utafiti wa wadudu kwa miaka thelathini na minne. Mkuu wa kituo amenipa mimi, mbeba bomba la kupulizia, kazi ya kuandika wasifu wake. Sababu aliyoitoa ni kwamba mimi ndiye niliyemsumbua kuliko wote. Sikatai. Ila nimeandika kwa shida, maana kila nikikaa, harufu ya wali inaingia dirishani, nami nanyanyuka kwenda kuchungulia kama bado yupo. Yupo, anapika.

Kwa wageni wetu wa leo, niwaeleze mapema wasije wakashika sahani: wali wa Mama Wali hauliwi. Ni chakula cha kuvu. Anauchemsha nusunusu, anautia kwenye mifuko, anauingiza kwenye jiko la mvuke mpaka kila kijidudu kilichojificha humo kife, na ukipoa anaupandikiza kuvu. Mifuko ikishakaa rafuni siku kadhaa inageuka myeupe kama iliyomwagiwa unga. Unga huo ndio mbegu zenyewe za kuvu. Sisi watu wa shamba tunauchekecha, tunauchanganya na maji na mafuta kidogo, kisha tunawapulizia viwavi wa kabichi jioni, jua likishalegea. Mbegu inanata kwenye ngozi ya kiwavi, inaota, inapenya, inamla kutoka ndani bila haraka. Akishakufa, kuvu inatokeza nje na kumvika koti jeupe kuanzia kichwani hadi mkiani.

Mchele mmoja, mapishi mbalimbali, na mapishi haya yametutoa jasho wengi. Wali ukiwa bokoboko, kuvu inakosa hewa. Ukiwa mkavu, inakauka nao. Wengi wetu tulifundishwa na Mama Wali kubonyeza punje moja kati ya vidole, na wengi wetu tulifokewa tukaambiwa huo si wali, ni gundi ya kubandikia matangazo. Alitufokea kwa upendo, lakini alitufokea.

Jina lake alipewa na mlinzi wetu wa getini, mzee wa masharubu. Mzee huyo alipoanza kazi hapa, asubuhi moja alifuata harufu mpaka jikoni akaomba kionjo. Mama Wali, barakoa usoni, hakumsikia vizuri. Akadhani amekuja kusaidia, akampa sufuria amshikie. Alipogeuka, kijiko kilikuwa kimeshapita mdomoni. Mlinzi akazunguka ofisi zote akitutangazia kwamba yule mama ni mchapakazi, ana roho nzuri, lakini kwenye kupika, masikini, hakujaliwa: wali una kiini na hauna hata chumvi! Tangu siku hiyo akawa Mama Wali. Mumewe, fundi viatu, naye ana malalamiko yake ya miaka mingi. Anasema mkewe anaupikia ukungu wali kila siku, na yeye mume wa ndoa anaambulia viazi.

Kazi yake tunaiona wote. Alikuta rafu moja, anaacha chumba kizima. Mwaka ule viwavi walipozizoea dawa za dukani hadi wakawa wanazioga tu, wakulima walijaa getini, na hakuna aliyerudi mikono mitupu. Yeye pia ndiye aliyekuwa mkali kwamba kuvu isidekezwe. Ikilishwa wali tu kwa muda mrefu inakuwa mvivu, inasahau kuua, kwa hiyo lazima mara kwa mara ipitishwe kwa kiwavi hai ndipo ichukuliwe upya. Aliita hiyo kuirudisha shule.

Lakini kuna kitu kimoja Mama Wali alikitamani miaka yote hiyo, na kituo kizima kilijua. Hakuwahi kumwona kiwavi aliyeuawa na kuvu yake shambani. Maabarani aliwaona wengi, ila hao hakuwatia maanani. Alikuwa akisema, ndani ya kisahani chenye kifuniko hata mimi ningekufa. Alitaka kumwona aliyefia nje, kwenye upepo na jua, mwenye nafasi ya kukimbia. Tatizo ni kwamba kila tulipopanga safari, ukungu wa kijani, ule mharibifu tunaouita mgeni, ulipiga hodi kwenye mfuko mmoja. Mama Wali akavua viatu vya safari akabaki kuiokoa mifuko iliyosalia, na gari likaondoka bila yeye.

Tukirudi tulimkuta amesimama mlangoni, barakoa imening'inia shingoni. Aliniuliza: Haya, nihadithie, alifia wapi? Juu ya jani au chini? Nami nilihadithia mpaka koo likakauka, na nilipomaliza aliyatazama matope kwenye viatu vyangu kwa muda mrefu. Niliwahi kumletea maiti wa viwavi kwenye kiberiti. Kwa makorongo ya njia yetu, wakafika wamekuwa vumbi. Akashukuru, lakini haikuwa shukrani ya mtu aliyepata.

Mwezi huu tukasema liwalo na liwe. Akishastaafu, gari la ofisi halitambeba tena, kwa hiyo Jumatano iliyopita ilikuwa nafasi ya mwisho. Nilitangulia mimi kupulizia shamba la mama mmoja mkulima wa kabichi, mapema vya kutosha ili siku hiyo tukute matokeo. Asubuhi ya safari, amini usiamini, mgeni akapiga hodi. Mama Wali alishaanza kufungua kamba za viatu. Binti anayerithi chumba chake cha kuvu akautoa mfuko ule mwenyewe, akafunga mlango kwa ndani, akasemea dirishani: Mama, nenda, akinishinda nitapiga simu. Mama Wali alisimama pale kama aliyenyang'anywa mtoto. Kisha akapanda gari.

Shamba lilikuwa zuri, kabichi zimefunga, majani hayana tundu. Tukaanza kufunua mstari mmoja baada ya mwingine. Hakuna hata kiwavi mweupe mmoja. Ndipo mwenye shamba akatuuliza tunatafuta nini, na tulipomweleza akashika mdomo. Alisikia anakuja mgeni mheshimiwa, basi jana yake akawaita wanawe wakaokota wale wote weupe waliokauka, wakawafukia, maana aliona wanatia aibu. Jamani! Mama Wali alicheka mpaka akakaa chini kwenye tuta, na alipomaliza kucheka alijifuta macho kwa mkono wa gauni zaidi ya mara moja.

Mwenye shamba, kwa kuona haya, akamshika mkono akawa anamwonyesha: hapa walikuwa wawili, hapa alikuwa mmoja mkubwa. Mama Wali akainama kila mahali, akaangalia jani tupu, akaitikia kwa kichwa. Walitembea hivyo hadi mwisho wa shamba. Huko, ng'ambo ya uzio, ambako bomba langu halikufika na watoto hawakuokota, kulikuwa na gugu refu, na kwenye ncha yake kiwavi mmoja amekumbatia bua, mweupe pe.

Hakumgusa. Aliweka mikono nyuma, akasogeza uso karibu, akakaa hivyo mpaka dereva akaanza kukohoa. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, akiiambia kuvu, si sisi: Kumbe njia unaijua bila mimi.

Tuliporudi, mlinzi alimuuliza getini kama huko wamempa hata chakula, naye akajibu kwamba ameshiba.

Mama Wali, asante kwa mikono yako, kwa ukali wako, na kwa kila siku uliyobaki ili sisi twende. Nenda sasa ukampikie fundi viatu wali unaoliwa, na tafadhali, chumvi. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na viatu vyenye matope kila upendapo. Binti amejifunza vizuri, mifuko iko salama. Lakini kuanzia wiki ijayo nitashuka kwenye gari na hadithi yangu mdomoni, na mlangoni hakutakuwa na mtu wa kuniuliza alifia wapi. Kuvu yako inaijua njia bila wewe. Sisi bado.