Picha za Mama Mkwe Kwenye Runinga

Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa akimsimulia mama mmoja aliyeketi naye ndani ya basi. Aibu ilimteremsha sauti, ingawa kiti cha nyuma kilisikia yote.

"Niliweka Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kwenye kompyuta kuukuu, nikaiunganisha na runinga ya sebuleni. Ndiyo kwanza najifunza, lakini kwa majigambo! Kila mtu nilimwambia hii haiingiwi na virusi. Nikaongeza programu ya kuonyesha picha za simu yangu runinga ikikaa bure. Jumapili mama mkwe akaja. Tunakula, picha zikaanza kupita."

"Picha gani, mwanangu?"

"Zake. Amesinzia kwenye kochi, kinywa wazi. Nilimpiga picha kwa siri niwachekeshe kaka zangu. Moja nimeichorea masharubu."

Nyuma mtu alikohoa, kikohozi chenye kicheko ndani.

"Ukasema nini?"

"Nikasema ni virusi. Akaniuliza kwa upole, 'Si ulisema haviingii?' Akanawa mikono, akaaga. Tangu hapo mke wangu hanisemeshi."

"Kamwombe radhi."

"Uso wa kumtazama nao nitautoa wapi, mama? Afadhali nimpigie simu."

"Simu ndiyo iliyokuponza! Kwa mkwe mtu huenda kwa miguu yake."

Wakabishana hivyo mpaka basi likasimama. Kondakta akakiita kituo alichokiomba fundi tangu anapanda, cha nyumbani kwa mama mkwe. Yule mama akakunja magoti kumpisha. Fundi akabaki ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, hajainuka.