MaDlomo na Mahindi ya Pombe

Leo kijiji cha Qolora kinamsindikiza kaburini Nozibele Ntlabati, ambaye sote tulimwita MaDlomo, kwa jina la ukoo wa baba yake. Alizaliwa Kentani tarehe 14 Machi 1954, mtoto wa tatu wa mzee Mbekeni.

Alisoma Kentani na Butterworth, kisha Chuo Kikuu cha Fort Hare, alikohitimu elimu ya mimea mwaka 1977. Aliajiriwa katika maabara ya kilimo mjini Umtata, kutambua ukungu wenye sumu kwenye mahindi na mtama. Alilaza punje kwenye visahani vya rojo, na ukungu ulipochipua aliutazama kwa hadubini; ule mbaya wa mahindi aliutambua kwa vijimbegu vyake vilivyojipanga kama shanga. Baba yake alilalamika: "Nimeuza ng'ombe, kumbe mtoto anakwenda kuulisha ukungu uji!"

Mwaka 1981 aliolewa na Vuyisile Ntlabati, hapa Qolora. Mavuno ya kwanza, mama mkwe wake, Nosayinethi, alimpa kikapu achambue: mahindi safi ghalani, yenye ukungu wa rangi ya waridi kwenye chungu cha pombe, kama walivyofanya wote. MaDlomo akayafukia yale ya waridi.

"Bi harusi, umeizika pombe yetu bila hata sala?" baba mkwe aliuliza.

"Ina sumu, baba. Hata ukiichemsha haitoki."

"Sumu gani? Nimeinywa tangu ujana na bado nakimbiza mbuzi!"

Mama mkwe hakucheka. Alimnyang'anya kikapu, na kwa miaka mingi hakumruhusu kugusa mahindi ya pombe.

Mwaka 1994 baba mkwe alifariki kwa saratani ya umio. MaDlomo hakusema pombe ndiyo iliyomuua, maana hakuwa na uhakika, na alimpenda mno. Alilia tu kama sisi. Mavuno yaliyofuata, mama mkwe alileta kikapu, akaketi kando yake, akasema, "Haya, nionyeshe."

MaDlomo aliugua moyo tangu 2016, akafariki usingizini tarehe 2 Juni 2019. Ameacha mume, watoto wawili, Lwandile na Nomaxabiso, wajukuu watano, na mama mkwe huyo.

Mahindi ya pombe ya mazishi ya leo bibi Nosayinethi ameyachambua mwenyewe, hindi kwa hindi, akilisogeza kila moja karibu na macho yake yaliyofifia. Tulimsihi apumzike.

"Niacheni," alisema. "Likipita moja la waridi, mwanangu hatalala."

Halikupita hata moja. Lala kwa amani, MaDlomo.