CHETU: Neno la Mzee Khamisi Kwenye Mashine

Baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, Mzee Khamisi Feruzi, fundi mkuu wa mashine za kukoboa kahawa, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1954. Kamati ya chama imeniomba niandike wasifu mtamu wa kusoma hapa. Nitaandika wa kweli, na atakayenuna anune.

Alipoingia hapa, kiwanda kilikuwa mali ya mtu mmoja, mlowezi aliyekuja na mbwa wake kututazama. Ukiulizwa unafanya kazi wapi, ulijibu: kwa Bwana. Bwana alipozeeka akakiuza kwa kampuni yenye wanahisa, watu ambao hakuna aliyepata kuwaona hata ukosi wa shati. Mkanda wa mashine ukikatika, tulingoja ruhusa kutoka Nairobi huku kahawa ikiota ukungu. Siku moja Mzee alichoka kungoja, akaushona kwa ngozi ya ng'ombe, kazi ikaendelea. Akakaripiwa! Hadi leo akikumbuka hucheka mpaka kofia inamdondoka.

Kisha chama cha ushirika cha wakulima kikanunua kiwanda. Siku ile Mzee alitafuta rangi nyekundu, akaandika ubavuni mwa mashine kubwa: CHETU. Karani akamsahihisha kwamba mashine ni yetu, siyo chetu. Mzee akamjibu kuwa yeye ameandika habari za kiwanda, mashine ni ubao tu. Tangu hapo kila Idi aliyapaka upya maandishi yake, na sisi tukaizoea ile mashine kwa jina hilo.

Basi mwaka huu aliomba uanachama, ili astaafu akiwa na sauti katika kiwanda alichokilea. Wanakamati wakamkatalia. Mwanachama ni mwenye mibuni, walisema, na Mzee ni mtu wa Njoro mjini, hana kihamba, yaani shamba la ukoo, hana hata mche wa kahawa. Haya, sheria ni sheria. Lakini Jumatatu kamati ikatuma mtu na kopo la rangi ya kijivu, akalifuta lile neno, eti asiye mwanachama hawezi kusema chetu. Jamani, hivi mna haya? Kwa Bwana hatukuwa na chetu, kwa Kampuni hatukuwa nacho. Ninyi, ndugu zangu wa Masama na Uru mliobeba magunia pamoja naye, ubwana mmejifunza lini?

Jana akina mama wachambuaji kahawa, wakiongozwa na Mama Lukresia wa Uru, walimletea Mzee jani la isale, lile ambalo kwetu mkosaji hulipeleka kwa aliyemkosea, na halikataliwi. Mzee alilipokea kwa mikono miwili. Mkewe, Bibi Mwantumu, akalia. Mimi nilizidi kukasirika. Mama Lukresia amekosa nini? Kahawa anaipalilia yeye, chamani limeandikwa jina la mumewe. Naye pia hana chake humu, na ndiye aliyeomba radhi.

Mzee Khamisi, asante kwa kila mkanda uliotushonea na kila fundi uliyemfunza, nikiwemo mimi. Kapumzike Njoro na Bibi Mwantumu, mle kwa amani, mzeeke kwa afya.

Nanyi wanakamati mliokaa viti vya mbele: jani walilolileta akina mama si lenu. Masale yamejaa Uru, kila mpaka wa kihamba. Njia ya Njoro mnaijua.

Primus wa Masama, fundi msaidizi