Kiazi cha Mfalme

Ndani ya basi la Potsdam, kiti cha mbele yangu, mzee aliyejitambulisha kwa jina la Alois, mgeni kutoka Bavaria, alimwambia Bi Gerlinde, mwenyeji aliyeketi naye, "Tunatimiza miaka hamsini ya ndoa. Mke wangu anataka tusherehekee kwenye kasri la Versailles, mimi nimekuja kukagua hapa kwanza. Lakini kasri lenu la Sanssouci halina hata ghorofa, mama."

Bi Gerlinde alikumbatia mfuko wake wa viazi kama mtoto mchanga. "Ghorofa za nini? Mfalme wetu alitufundisha kula viazi, na mpaka leo tunampelekea viazi kaburini, pale bustanini. Wa Versailles anapelekewa nini?"

"Watalii."

Nikajifanya nakohoa.

Basi liliposimama langoni, Bi Gerlinde alichagua kiazi kikubwa, akakifuta kwa skafu yake ya hariri, akamkabidhi Alois. "Shika. Kwake hatuendi mikono mitupu."

Alois akashuka amekishika kwa mikono miwili, bado akilalamikia ghorofa.