Dada Yetu Breki na Vipande Vilivyobaki Maabara

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya dada yetu, mwalimu wa udereva ambaye nusu yenu mmepita mikononi mwake na wote mlimwita Breki, kwa sababu mguu wake haukubanduka kwenye breki ya mwalimu hata mwanafunzi akiendesha vizuri.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, katika nyumba iliyo nyuma ya karakana ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne, akamaliza sekondari mwaka 1992, na Januari 1995 akaanza kufundisha udereva, kazi aliyoipenda kuliko usingizi.

Agosti 2001, akiwa darasani anaeleza alama za barabarani, maneno yalimkwama mdomoni, akaanguka, na wiki hiyo hiyo akapasuliwa kuondolewa uvimbe kwenye ubongo. Uvimbe ulitoka, lakini hakuna aliyeweza kumwambia kama ungerudi, hivyo mchumba wake, fundi wa injini, alipouliza tarehe ya harusi, alijibiwa kwamba yeye hampakii mtu kwenye gari ambalo hajui breki zake zikoje, naye fundi akasema basi atasubiri kituoni.

Mwaka 2004 daktari wa maabara alimwomba ruhusa achukue kipande cha uvimbe ule kilichohifadhiwa kwenye nta, akikate vipande vyembamba na kuvipaka rangi mpya, ambayo huzigeuza kahawia seli zinazojigawa, maana zikiwa nyingi uvimbe huelekea kurudi upesi. Dada aliomba kuchungulia mwenyewe kwenye hadubini, akaona kahawia moja huku, moja kule, akasema hiyo ni barabara ya Jumapili alfajiri. Daktari alimwonya kwamba ile ni dalili tu, si ahadi, lakini ilimtosha, akaenda moja kwa moja gereji na kumwambia fundi, "Haya, panda."

Walifunga ndoa tarehe 4 Desemba 2004, wakajaliwa binti mwaka 2005 na mwana mwaka 2009. Uvimbe ulirudi mwaka 2022, akapasuliwa tena, na safari hii kahawia ilijaa kama foleni ya jioni, kwa hiyo madaktari hawakungoja, wakaanza mionzi mapema, naye akapata muda wa kumfundisha bintiye kuendesha gari, na sisi tuliokaa kiti cha nyuma siku ya mwisho ya mafunzo tunashuhudia kwamba mguu wake ulikuwa mbali na breki.

Alifariki nyumbani, asubuhi ya tarehe 11 Juni 2024, na binti huyo ndiye aliyeendesha gari lililomleta hapa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompikia uji, na walimu wenzake waliobeba zamu zake bila kununa. Kwa idhini aliyoitoa mwenyewe, vipande vyote viwili vya uvimbe wake, cha 2001 na cha 2022, vimebaki maabara vikilinganishwa, ili mchumba mwingine asisubiri kituoni miaka mitatu.

Dada, kazi iliyobaki inaendelea bila wewe kuisimamia. Zima injini, upumzike kwa amani.