Jina la Kwenye Jalada

Basi letu la kutoka Kibakwe lilikuwa linaingia mjini Dodoma wakati dada wa kiti cha mbele yangu alipopigiwa simu na mchapaji. Kitabu chake cha kwanza kilikuwa tayari, jalada tu lilisubiri jina la mwandishi. Aliomba dakika chache.

“Si uandike Mama Devota,” alisema mama wa pembeni yake. Walijuana humo humo safarini, na tayari alikuwa amempakata Devota mwenyewe, mtoto wa yule dada.

“Mama, huyu hajaandika hata sentensi moja. Nataka Elieth, jina langu.”

“Kumbe ndio nyie wa haki za wanawake! Na mumeo anakula?”

“Anapika mwenyewe. Mlenda wake unateleza kuliko wangu.”

Mama alicheka mpaka mtoto akashtuka. Mimi nilijificha ndani ya mtandio, maana nilikuwa nimecheka kabla yake.

“Ila jina la mtoto ni heshima, mwanangu. Hili la Mama Yoramu nililipata kwa uchungu, silivui.”

“Usilivue, mama. La kwako mwenyewe ni nani?”

Alimrekebishia mtoto kofia kwanza. “Loisi. Tangu mama yangu afariki, hakuna anayeniita hivyo.”

Basi lilisimama Majengo. Akamrudisha mtoto, akabeba kapu lake. “Hata hivyo, andika Mama Devota.”

“Nimekusikia, shangazi Loisi.”

Simu ikaita tena. Mama alikuwa ameshafika mlangoni na konda anamhimiza, lakini aligeuka.

“Hebu niite tena.”