Nyota Tano za Kasigau

Wakesho alikuwa amefumba macho, lakini masikio hayana kope. Kwenye kiti cha mbele, ndani ya basi la kutoka Voi kwenda Kasigau, binti aliyevaa fulana ya kampuni moja ya Nairobi alikuwa akimsifu bosi wake kwa mzee waliyekutana humo humo.

"Alianza kwa kupokea simu za wateja, mzee. Akawa meneja wa bidhaa. Sasa amekuwa mkurugenzi wa bidhaa zote, na iliyompandisha ni ile app yenu ya kuripoti ndovu."

Mzee akageuka mzima mzima. "Ile ile? Ndovu walikula mahindi yangu, nikabonyeza mpaka kidole kikauma, na hakuna mtu alikuja!"

"Lakini Kasigau yote mlitupa nyota tano."

"Zile zinazotokea ukimaliza kuripoti? Si ni za kuhesabu ndovu? Ndovu mmoja, nyota moja!"

Wakesho akafumbua macho. Kwani zilikuwa za nini kingine?

"Ni za kusema mmeridhika kiasi gani," binti akasema polepole.

"Niridhike na mabua? Na siku ile walikuwa wawili tu! Nilibonyeza tano ili mje mbio. Kumbe mimi naita msaada, nyinyi huko mnampandisha mtu cheo!"

Basi likasimama Rukanga. Binti akateremsha boksi lake, na Wakesho akasoma maandishi kwenye fulana mpya zilizochungulia humo: Asante Kasigau.